Baba mkwe alivyokishtaki kipimo changu cha malaria barazani, milima ya Upare

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wakubwa zangu shikamooni, wadogo salamu zenu mzichukue hapo hapo mlipokaa.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya, si mwandishi. Ila jana nimesoma uzi wa jamaa analalamika kwamba kipimo kimemwambia hana kitu wakati anajisikia kufa kabisa. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kama niko sawa. Nilipomwonyesha akasema, "Si uwaandikie habari ya baba?"

Kwa hiyo mkiona nimemsema mzee wa watu, mjue nina kibali cha bintiye.

Ninayoandika yalitokea, nilikuwepo, na kwa sehemu kubwa nilikuwa mshtakiwa. Majina nimebadilisha. Wale watu nawajua, wanaweza kuniita barazani tena kwa sababu ya uzi huu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Niwaweke sawa kwanza. Mimi ni mtu wa Singida. Ilikuwa ile miaka mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na ukienda hospitali unaambiwa uchangie. Mimi tabibu mpya kabisa, cheti hata hakijakunjika, nikapangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha juu upande wa Chome, wilaya ya Same.

Kutoka lami pale Makanya unapanda na Landrover moja iliyochoka, magunia chini, abiria juu ya magunia. Ukifika unakuta baridi ambayo sisi wa Singida tunaisikia kwenye redio tu. Ukungu wa msitu wa Shengena unaingia mpaka chumba cha sindano.

Nilifika bachela. Sikudumu. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi anaitwa Nakijwa, akaja kutibiwa jino, na mpaka leo jino sijui liliishia wapi ila yeye ndiye huyo aliyetoka jikoni.

Baba yake ndiye Mzee Elieza.

Mzee Elieza alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Shamba likauzwa, wakapunguzwa, akarudi mlimani na baiskeli, redio na sifa moja: maisha yake yote kazini hakuwahi kuchukua ED. Kwa vijana ambao hamjaajiriwa, ED ni ile ruhusa ya daktari ya kutofanya kazi kwa sababu unaumwa. Ukikaa naye chai ya kwanza haijaisha ameshakwambia. "Mimi ED naziona kwa wenzangu tu."

Jambo la pili, mzee alipenda kesi. Nimeoa humo kwa hiyo nina haki ya kusema: Mpare akionewa, hata kama kaonewa na mbuzi, anataka lisikilizwe na liandikwe. Mzee alikuwa na kesi ya mpaka wa migomba iliyoanza kabla mke wangu hajazaliwa. Yule jirani anayeshtakiana naye walikuwa wanakunywa chai pamoja kila Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu wanaongozana kwenda barazani.

Sasa kuna kitu kinaitwa msaragambo. Ni kazi ya pamoja ya kijiji. Siku ikipangwa, kila kaya inatoa mtu na jembe, mnakwenda kuzibua mifereji, kutengeneza barabara, au kukarabati ndiva, yaani lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia. Usipotokea bila sababu, faini yake ni jogoo. Sababu zinazokubalika ni msiba, uzazi na ugonjwa.

Msiba huwezi kuusingizia, kijiji kizima kitakuja kula. Uzazi ndiyo kabisa. Ikabaki malaria.

Wakuu, kule juu mbu wenyewe wanatetemeka kwa baridi. Malaria ipo, lakini wengi wanaipata wakishuka tambarare kwenye biashara. Ila siku ya msaragambo malaria ilikuwa inapanda mlima yenyewe! Alfajiri nakuta wanaume wamejaa kwenye benchi la zahanati, wamejifunika mablanketi, wananiambia viungo vyote vinauma. Hadubini hatukuwa nayo, umeme hatukuwa nao. Nawapa vidonge vya malaria na karatasi ya kupumzika, wanaondoka. Jioni nawakuta wanacheza bao.

Ndipo wakaja watu wa utafiti na vipimo vipya.

Siku hizi kila mtu anavijua, kile kikaratasi ndani ya plastiki, unaweka tone la damu na matone ya dawa. Wakati ule kilikuwa maajabu. Yule mama mtaalamu aliyetufundisha alituambia kwamba ndani ya kile kikaratasi kuna chembechembe za dhahabu. Dhahabu ya kweli kabisa, imesagwa udogo ambao hata hadubini ya kawaida haiioni. Chembe hizo zimepakwa kitu kinachonasa protini ya mdudu wa malaria. Protini ikiwepo kwenye damu, dhahabu inaibeba mpaka sehemu fulani inakwama pale, zikikusanyika unaona mstari.

Nikauliza, mbona mstari ni mwekundu? Akasema dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi ya njano tena, inakuwa nyekundu. Mpaka leo hilo jambo linanifurahisha.

Mistari miwili, una malaria. Mmoja, huna. Dakika chache tu, kwenye benchi, bila umeme. Hapo mtu asinitanie, niliona kama nimeletewa maabara nzima mfukoni.

Kosa ni kwamba mwenyekiti wa kijiji, Zefania, alikuwa amekaa nyuma kwenye hayo mafunzo, na yeye alisikia neno moja tu, dhahabu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakati wa matangazo nje ya kanisa, Zefania akasimama. "Kuanzia sasa, anayesema ana malaria siku ya msaragambo atapimwa na kipimo cha dhahabu. Mstari mmoja, jembe. Mistari miwili, blanketi." Akina mama wakapiga vigelegele. Wanaume wakatazama viatu vyao.

Nilinyoosha mkono nikasema jamani, kipimo hiki kinajua malaria tu, magonjwa mengine hakiyajui. Nikaambiwa daktari kaa, umeeleweka.

Msaragambo wa kwanza benchi lilijaa kama kawaida, wakidhani ni utani. Nikatoboa vidole. Mstari mmoja, mmoja, mmoja, benchi zima. Zefania amesimama mlangoni na majembe, amewabebea kabisa kutoka makwao. Sijawahi kuona watu wakipona kwa pamoja namna ile. Msaragambo uliofuata benchi lilikuwa tupu, nikapata nafasi ya kufagia.

Nilicheka sana siku hizo. Kisha ikafika zamu ya baba mkwe.

Ilikuwa siku ya kukarabati ndiva. Mzee Elieza akaja asubuhi na mapema, amevaa shati, sweta na koti lake la zamani la unyapara wa mkonge. Anakohoa, ana homa, na mkono wa kulia ameubana ubavuni. Niliinuka kwenye kiti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mkwe, leo sijisikii. Pima hiyo malaria nirudi nikalale."

Kuita kitu hicho malaria ilikuwa ni desturi, kila homa ilikuwa malaria. Nikampima. Mstari mmoja.

Nikamwambia, "Baba, hii si malaria. Haina maana kwamba u mzima. Naomba nisikilize kifua." Nikashika stetoskopu.

Akaniangalia kama nimemtukana. "Kidole nimekupa. Shati sivui mbele ya mume wa binti yangu."

Wakuu, mnaojua heshima ya mkwe mnaelewa. Yule mzee hata kula hakuwahi kula akiwa hajafunga kifungo cha juu kama mimi nipo. Nesi wetu siku hiyo ameshuka Same kufuata chanjo. Nikajaribu kumbembeleza, nikamwambia basi nitasikilizia mgongoni nikiwa nimefumba macho. Akasema mgongo ni wake vilevile.

Tukiwa kwenye mabishano hayo Zefania akaingia, akachukua kile kipimo mezani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mzee Elieza. Mstari mmoja. Jembe."

"Naumwa, Zefania."

"Dhahabu inasema huumwi. Kumbe hata wewe mtegaji?"

Neno hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Mtu ambaye hajawahi kuchukua ED maisha yake yote anaitwa mtegaji wa kazi mbele ya mkwe wake! Mzee akainuka. Akafunga koti, akatoka. Hakwenda kwenye ndiva, na jioni wakaja kumchukulia jogoo.

Asubuhi yake alitembea, na kukohoa kwake kule, mpaka ofisi ya kata, akafungua kesi. Mshtakiwa wa kwanza, Zefania. Mshtakiwa wa pili, mimi. Mshtakiwa wa tatu, Kipimo. Katibu wa baraza akamuuliza huyu Kipimo anaishi wapi. Mzee akasema, andika zahanati.

Nilicheka nilipopata wito. Mke wangu hakucheka.

"Baba anaumwa kweli," akasema. "Umepima kidole ukamwachia kifua." Halafu hakusema nami tena kwa muda. Chakula napata, maneno sipati.

Na alikuwa sahihi. Jioni nilikuwa nakwenda kwa mzee kujifanya nasikiliza naye taarifa ya habari. Redio inasema yake, mimi macho yapo kwenye koti, naangalia linavyopanda na kushuka. Lilikuwa linapanda na kushuka haraka mno. Nilijua ni kichomi, yaani nimonia, na kichomi kinaua watu wa umri ule. Dawa za kukitibu zahanati ilikuwa imeishiwa, boksi la mwezi ule halijafika. Ilitakiwa ashuke hospitali ya Same, upesi.

Nikamwomba. Nakijwa akamwomba akilia. Mama mkwe akamwomba. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Nikishuka kabla ya kesi, Zefania atasema nimekimbia faini. Nikifia Same, nitazikwa mtegaji. Kesi kwanza."

Hapo ndipo niliogopa, wakuu. Sikuwa naogopa kushindwa kesi. Niliogopa kwamba mlalamikaji hatafika siku ya kusikilizwa.

Nikaenda kwa katibu wa baraza. Nikamwambia naomba kesi hii iwahishwe, haraka inavyowezekana. Akavua miwani. "Daktari, wewe ni mshtakiwa." Nikasema najua. "Washtakiwa wanaomba iahirishwe." Nikasema mimi naomba nishtakiwe kesho kutwa.

Akanionea huruma, nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Ikapangwa kesho kutwa.

Siku hiyo watu walijaa kuliko sikukuu ya mavuno kanisani. Wale wanaume wote waliowahi kuponywa na kipimo walikuwepo, wamekaa mbele. Jogoo alifungwa kamba nje ya mlango kama kielelezo, na kila mtu akianza kuongea, jogoo anawika. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mkali, Mama Nampombe, ambaye mpaka mbwa wa kijiji walikuwa wanampisha njia.

Mzee Elieza alisimama akiwa ameshika kiti. Sauti ilikuwa chini lakini hoja alikuwa nazo.

"Waheshimiwa, huyu Kipimo ametoa ushahidi juu yangu. Shahidi lazima ajulikane kama anasema kweli. Naomba ampime mtu ambaye sote tunajua ni mzima."

"Nani?" akauliza Mama Nampombe.

"Zefania. Juzi kabeba gogo la ndiva peke yake, kila mtu kaona."

Zefania akanyoosha kidole hata hajaombwa. Alikuwa na kifua cha kiburi siku hiyo. Nikampima mezani, mbele ya baraza. Ukumbi mzima ukanyamaza, hata jogoo.

Ikaja mistari miwili, myekundu, mizuri, ya kufundishia.

Jamani, sijawahi kusikia kelele zile. Wale wanaume wa mbele walirukaruka. Nikajaribu kupaza sauti kumuuliza, "Mwenyekiti, hivi karibuni uliumwa?" Akakiri kwa unyonge kwamba alikwenda Jipe kununua samaki wakavu, akarudi na homa, akatibiwa Same, akamaliza dozi, amepona zamani.

Nikaeleza. Wadudu wamekufa, lakini protini yao hubaki kwenye damu wiki kadhaa, kama moshi unavyobaki jikoni moto ukishazimwa, na dhahabu inanasa protini, haijui kama mdudu mwenyewe yu hai au kafa. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyenisikiliza.

"Zefania," akasema Mama Nampombe, "sheria uliitangaza mwenyewe. Mistari miwili, blanketi. Nenda ukalale."

"Mimi mzima!"

"Dhahabu inasema unaumwa."

Mtu mmoja akaleta blanketi kweli, sijui alilitoa wapi. Zefania akafunikwa pale pale alipokaa, akaonekana mdogo ghafla.

Halafu Mama Nampombe akamgeukia mzee. "Haya, Kipimo tumemwona. Lakini wewe Elieza, unaumwa au huumwi? Ushahidi wako uko wapi?"

Niliona nafasi yangu. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, ushahidi upo. Upo ndani ya shati lake."

Mzee akanitazama. Akatazama wale wajumbe. Akamtazama Zefania na blanketi lake. Niliona kabisa mambo mawili yanagombana ndani yake, heshima ya mkwe na utamu wa kushinda, na kwa kweli ugomvi haukuchukua muda.

Akavua koti. Akavua sweta. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja mpaka cha chini.

Shati ambalo hakulivua apone, alilivua ashinde kesi.

Kicheko kilikufa hapo hapo. Mbavu za upande wa kushoto zilikuwa zinapanda na kushuka. Za kulia zimetulia, hazisogei kabisa. Hata asiyejua kusoma aliona. Nikaweka stetoskopu kulia, sikusikia hewa. Nikagonga kwa kidole, ikalia nzito kama kugonga debe lililojaa maji.

Sikutoa ushahidi wowote. Nilisema tu, "Landrover iko wapi?"

Landrover ilikuwa kijiji cha chini. Wakaleta machela. Wa kwanza kushika mti wa mbele alikuwa Zefania, ametupa blanketi. Mama Nampombe akamwambia uko kwenye mapumziko wewe, akajibu, "Mama, nitapumzika nikifika," na akashika.

Mnadhani mzee alikubali kuondoka? Amelala kwenye machela, pumzi zinakatika, anainua mkono. "Hukumu kwanza."

Nakijwa akapiga kelele, "Baba!"

"Hukumu."

Kwa hiyo hukumu ilisomwa njiani. Machela inashuka mbio kwenye utelezi, Mama Nampombe ameshika gauni anakimbia pembeni, katibu nyuma yake na kalamu, kijiji kizima kinafuata. "Baraza limeona mlalamikaji ni mgonjwa! Jina la mtegaji limefutwa! Jogoo arudishwe!"

"Na Kipimo?" mzee akauliza.

"Kipimo hana hatia, aliulizwa malaria akajibu malaria! Daktari apewe onyo, awe anatueleza kila Jumapili kisichojulikana na kipimo!"

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa!"

Hapo ndipo akafumba macho, akaacha tumbebe.

Hospitali walipiga picha ya kifua, pafu la kulia lilikuwa limezungukwa na usaha. Wakamwekea mrija, wakamchoma sindano mchana na usiku. Daktari wa wodi aliniambia pembeni kwamba angechelewa kidogo tusingekuwa tunaongea. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia, na Nakijwa akanikuta huko, akanisemesha kwa mara ya kwanza tangu ile siku.

Onyo la baraza nililitekeleza mpaka nilipohamishwa. Kila Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, nasimama nje ya kanisa: "Ndugu zangu, kipimo hakijui kichomi. Hakijui homa ya matumbo. Hakijui moyo." Hilo ndilo funzo langu wakuu, sina jingine. Kipimo, hata kiwe na dhahabu, kinajibu swali moja ulilokiuliza. Ukiambiwa huna, umeambiwa huna hicho. Bado hujajua una nini, endelea kutafuta.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku walipomtoa mrija. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake namenya chungwa. Akaniangalia ninavyomenya, halafu akasema:

"Mkwe, katibu aliniambia ulikwenda kuomba kesi iharakishwe."

Nikasema ndiyo, baba.

"Nimefanya kesi tangu ujana. Mshtakiwa anayetaka kesi iwahi ni wa aina mbili. Ama hana hatia, ama anamjali mlalamikaji." Akachukua kipande cha chungwa mkononi mwangu, akakitazama. "Nimepima sana hapa kitandani. Na wewe hatia unayo."

Akala chungwa lake, akageukia ukutani akalala.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Waliowahi kuambiwa na kipimo hawana kitu halafu wakakutwa nacho, mwageni ya kwenu hapa. Na Wapare mliomo humu, kabla hamjanifungulia kesi, mke wangu anasema aitwe yeye kwanza kama shahidi.